Jicho Karibu na Mche

Kupunguzia miche nilifundishwa na bibi yangu kwenye matuta ya karoti, Lushoto, asubuhi ambazo ukungu wa Usambara ulikuwa bado haujaachana na migomba. Mbegu ya karoti ni ndogo mno, huwezi kuipanda kwa kuihesabu. Unaichanganya na mchanga, unaimwaga kwenye kifereji, na baada ya wiki kadhaa inaota imebanana kama nywele za mswaki. Hapo ndipo mtu anapochutama. Bibi alikuwa anapitisha kidole katikati ya miche, anachagua mmoja, anakandamiza udongo pande zake mbili kwa kidole cha shahada na cha kati, kisha kwa mkono wa pili anavuta majirani zake wote, polepole, kwenda juu. Siku ya kwanza mimi nilivuta bila kukandamiza. Mche niliotaka kuung'oa ulitoka, na ule niliotaka kuuacha ukafuata, mizizi imeshikana kama watoto waliolala kitanda kimoja.

“Mume wangu,” aliniambia, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, “tazama kwanza anayebaki. Ukishamjua yeye, hao wengine ni kuvuta tu.”

Kauli hiyo imenirudia mara nyingi tangu nianze kufuatilia mashine zinazopunguzia saladi kule California. Zinafungwa nyuma ya trekta, zina kamera, kompyuta na mabomba ya kupulizia, na kazi yake ni ileile ya bibi: kupita juu ya tuta lililoota kwa wingi na kuacha mche mmojammoja kwa nafasi. Kadiri ninavyosoma jinsi zilivyotengenezwa ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu waliozitengeneza. Walichukua kitendo ambacho mkono wa mkulima unakimaliza kabla hujapepesa jicho, wakakifungua kipande kwa kipande, wakauliza kila kipande kinafanya nini, kisha wakakijenga upya kwa chuma, mwanga na hesabu.

Bonde la Salinas linaanzia ghuba ya Monterey na kuingia bara kuelekea kusini-mashariki, likiwa limebanwa na milima pande mbili. Bahari ya Pasifiki inalipulizia ubaridi na ukungu hata wakati wa kiangazi, na saladi ni mmea unaopenda ubaridi. Katika miezi ya joto sehemu kubwa ya saladi inayoliwa Marekani hutoka humo. Baridi ikikaza, kilimo kinahamia Yuma, Arizona, jangwani kando ya mto Colorado, na matrekta pamoja na vikosi vya vibarua vinahama nacho.

Mbegu ya saladi ina umbo la bizari nyembamba, ila ni ndogo zaidi. Siku hizi inavikwa udongo wa mfinyanzi mpaka iwe kidonge cha mviringo, ili mashine ya kupandia iweze kuishika mojamoja na kuidondosha kila baada ya sentimita 5 hadi 7. Lakini saladi ya kufunga kichwa inataka sentimita 25 hadi 30 peke yake. Mkulima anajua hivyo anapopanda. Anapanda kwa wingi kwa sababu hajui ni mbegu ipi itakayomwangusha. Nyingine haitaota kabisa. Nyingine itakuta maji ya umwagiliaji yamekauka na kuacha gamba gumu juu ya udongo. Nyingine italiwa na wadudu, na udongo ukipanda joto kupita nyuzi 30 hivi, nyingi zitalala zisiamke. Kwenye matuta ya upana wa mita moja yenye mistari miwili miwili, hekta moja ina karibu mita 20,000 za mstari. Mbegu moja kila sentimita 6 inafanya mbegu zaidi ya 330,000. Ukiacha mche mmoja kila sentimita 28, utabaki na kama 71,000. Ikiota yote, basi karibu minne katika kila mitano imepandwa ili iondolewe. Na muda wa kuiondoa ni mfupi: kuanzia miche ikiwa na majani mawili hadi manne ya kweli. Ukichelewa, inaanza kunyang'anyana mwanga na kurefuka shingo.

Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa kwa jembe ambalo wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Mexico, waliliita el cortito, yaani kafupi. Mpini wake ulikuwa wa sentimita 30 hadi 60 hivi. Mtu alikunja mgongo mwanzo wa mstari, akatembea hivyo hivyo amejikunja mpaka mwisho, akageuka, akaanza mwingine. Sisi tuliolelewa na jembe la mkono tunajua kiuno kinavyolia jioni, lakini palizi ya nyumbani ina kivuli cha mwembe na ina siku ya kupumzika. Cesar Chavez, aliyekuja kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, alilitumia jembe hilo ujanani na maumivu ya mgongo yalimfuata maisha yake yote. Wanasheria wa California Rural Legal Assistance, akiwemo Maurice Jourdane, walilipeleka suala hilo kwa mamlaka na hatimaye mahakamani kwa niaba ya wafanyakazi, na madaktari wakaeleza jinsi uti wa mgongo unavyoharibika kwa kuinama namna ile. Wenye mashamba walijitetea kwamba jembe refu linaliweka jicho mbali na mmea: mtu aliyesimama wima hataona miche miwili iliyoshikamana, na atakata mzuri pamoja na mbaya. Januari 1975 Mahakama ya Juu ya California iliwapa ushindi wafanyakazi, na mwaka huohuo kafupi kakapigwa marufuku.

Utetezi ule ulistahili kushindwa, na saladi ziliendelea kulimwa kwa jembe refu. Hata hivyo kulikuwa na punje ya ukweli wa kiufundi ndani yake, na ndiyo inayonifanya niitazame mashine ya leo kwa heshima. Kupunguzia miche ni kazi ya jicho kabla haijawa ya mkono, na jicho hilo linataka kuwa karibu. Zamani ukaribu huo ulilipiwa kwa mgongo wa mtu. Kamera inayoning'inia kiasi cha nusu mita juu ya tuta iko pale pale ulipokuwa uso wa mtu wa kafupi, na hakuna aliyeinama.

Tatizo la kwanza la kamera ni jua. Jicho letu linazoea upesi: wingu likipita hatubabaiki, kivuli cha mtu kikiangukia mche bado tunauona mche uleule. Kamera haina uvumilivu huo. Jua la saa nne linaufanya udongo mkavu ung'ae mpaka karibu unafanana na jani, na kivuli cha trekta kinaufanya mche upotee. Unaweza kuandika programu ndefu ya kurekebisha picha kwa kila hali ya mbingu. Mafundi wengi waliamua jambo rahisi zaidi: wakaijengea kamera kibanda. Walizungusha mapazia kuanzia kwenye fremu hadi karibu na ardhi, ndani wakaweka taa zao wenyewe, na tangu hapo saa sita mchana, alfajiri ya ukungu na usiku wa manane vikawa hali moja. Katika mashine nzima hiki ndicho ninachokipenda zaidi. Mtu asiyejua kazi angeliona ni turubai tu. Fundi anaona uamuzi wa busara: kabla ya kuifundisha mashine kuona vizuri, ondoa kila kisichohitaji kuonwa. Bondeni Salinas, ambako upepo wa baharini unavuma kwa nguvu kila alasiri, pazia hilohilo linasaidia pia kuzuia matone ya dawa yasipeperuke.

Mwanga ukishatulia, inabaki kutenganisha jani na udongo. Kila nukta ya picha inakuja kama namba tatu: nyekundu, kijani na bluu. Mwaka 1995 Woebbecke na wenzake walichapisha kipimo ambacho kimetumika sana tangu hapo: zidisha kijani mara mbili, kisha toa nyekundu na bluu. Tuseme udongo wa kahawia una nyekundu 110, kijani 90, bluu 70. Mara mbili ya 90 ni 180. Ukitoa 110 na 70 inabaki sifuri. Sasa udongo huohuo uloane na kuwa mweusi, namba zote zipungue nusu: 55, 45, 35. Fanya hesabu tena, inabaki sifuri. Jani lenye 70, 120, 50 linatoa 120, na hata likififia nusu linatoa 60, bado liko juu ya udongo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu, na kwa sababu ni nyepesi kiasi hicho, kompyuta ya shambani inaweza kuifanya kwa mamilioni ya nukta kila sekunde bila kuchelewa. Udhaifu wake uko wazi: saladi ya majani mekundu inaidanganya, na gugu la kijani ni kijani kama saladi. Ndiyo maana mashine zilizofuata zimefundishwa kwa picha nyingi zilizowekewa alama na watu, mpaka zikaweza kutambua umbo la jani na mahali moyo wa mche ulipo.

Baada ya hapo picha imekuwa madoa ya kijani kwenye ardhi nyeusi, na inabidi kuchagua. Chukua kipande kimoja cha mstari. Mche wa kwanza unabaki; huo tuuite sifuri. Mingine iko sentimita ya 6, 12, 19, 24, 31 na 36. Tunataka nafasi ya 28, na hapo hakuna mche. Kuna wa 24, umepungua kwa 4, na wa 31, umezidi kwa 3. Kwa rula, wa 31 ndio unaoshinda. Lakini itazame picha tena: doa la 31 ni dogo, labda limeota siku tatu nyuma ya wenzake na halitawafikia siku ya kuvuna, wakati saladi zote za shamba zinatakiwa kukatwa kwa pamoja. Doa la 24 ni kubwa. Je, ni kubwa kwa sababu mche una afya, au kwa sababu ni miwili iliyolaliana? Mche mmoja unaelekea kuwa na umbo la nyota inayoanzia sehemu moja. Pacha ni refu kuliko lilivyo pana, majani yake yanatoka sehemu mbili. Ikiwa ni pacha, tuchukue wa 31, hata kama ni mdogo. Ikiwa ni mmoja, tuchukue wa 24, kisha tuanze kupima upya kutoka hapo.

Mashine sahili kabisa haijisumbui na haya yote. Inaacha mche wa kwanza inaoukuta baada ya umbali uliowekwa, na ajabu ni kwamba hata hiyo inafanya kazi ya kuridhisha. Nzuri zaidi zinapima ukubwa, umbali na upweke wa kila mche kwa pamoja. Zote, sahili na za hali ya juu, zinafuata kanuni ya bibi. Zinatafuta anayebaki, zinamwekea uzio wa sentimita chache mbele na nyuma, na kila kilicho nje ya uzio kinapuliziwa bila kuulizwa kama ni saladi au ni gugu. Kwa hiyo hazilazimiki kujua jina la kila kitu kilichoota shambani. Zinalazimika kuwa na uhakika na mmoja tu.

Bibi alikandamiza udongo ili mizizi ya anayebaki isitikiswe. Nozeli, mdomo wa bomba la kupulizia, inafika kwenye lengo hilohilo kwa kutovuta chochote. Kinachopuliziwa mara nyingi ni dawa ya kuunguza majani, au mbolea ya maji yenye naitrojeni, kwa kipimo kikali. Ndiyo, mbolea. Chumvi yake inapokaa kwenye jani changa inanyonya maji na kulibabua, na mche unakauka ulipo, mizizi yake ikibaki imelala kimya pembeni ya mizizi ya jirani yake. Mvua au maji ya umwagiliaji yanaisukuma mbolea hiyo chini. Nilipojua hili mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatembea kidogo uani. Kitu kilekile kinachomwondoa mmoja kinamlisha aliyebaki, na tofauti iko kwenye mahali kilipoangukia tu.

Na mahali hapo panapatikana kwa saa. Kamera iko mbele, nozeli ziko nyuma yake. Trekta likienda mita moja kwa sekunde, na kati ya kamera na nozeli pakiwa na sentimita 60, kompyuta ina sehemu sita za kumi za sekunde kupiga picha, kutafuta madoa, kuchagua na kutoa amri. Vali ikichelewa sehemu mbili za mia za sekunde, tone linaangukia sentimita mbili mbali, ambazo karibu ni uzio wote. Trekta nalo haliendi kwa mwendo mmoja; linapanda, linateleza, linakohoa. Kwa hiyo mashine haiamini mwendo wa trekta. Inaburuta gurudumu dogo lisilosukumwa na injini, linalozunguka kwa kuguswa na ardhi tu, na kila sehemu ya mzunguko wake inahesabiwa. Gurudumu la injini likiteleza kwenye tope, gurudumu hilo dogo halidanganyiki. Ni kama kamba ya fundi uashi: kitu cha bei ndogo, na nyumba nzima inakitegemea.

Waliofanya kazi hii ni wengi. Vision Robotics ya San Diego na Agmechtronix walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuileta shambani. Mwaka 2011 Jorge Heraud, mhandisi mzaliwa wa Peru, na Lee Redden, aliyekuwa akisomea roboti Stanford, walianzisha Blue River Technology. Wazo lao la mwanzo lilikuwa mashine ya kukata nyasi. Walipotoka kwenda kuzungumza na wakulima walilitupa, wakajaribu palizi ya karoti, na kutoka karoti wakafika kwenye saladi na mashine waliyoiita LettuceBot. Mwaka 2017 kampuni ya John Deere iliinunua Blue River kwa dola milioni 305, na maarifa yaliyoanzia kwenye matuta ya saladi yakahamishiwa kwenye mabomba makubwa ya kupulizia magugu katika pamba na soya. Fedha hizo zimeandikwa sana. Mimi nasifu zaidi ile hatua ya kutoka ofisini na kwenda kumuuliza mkulima ni kazi gani inamtesa.

Zao la kiazisukari lilipata ukombozi wake kutoka kwenye kupunguzia kwa njia nyingine kabisa. Mbegu yake ya asili ni kishada: unapanda moja, inaota miche miwili, mitatu au zaidi iliyoshikamana, na kuitenganisha kulikuwa mateso ya mashamba ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1948 V. F. Savitsky, mtafiti aliyetoka Ukraine, alipata katika shamba la mbegu huko Oregon mimea michache iliyozaa mbegu za mche mmoja. Kutoka kwa hiyo zikazalishwa aina ambazo kwa kiasi kikubwa zimeliondoa jembe la kupunguzia. Saladi haina mlango huo. Mbegu yake tangu mwanzo inatoa mche mmoja. Kinachokosekana ni uhakika kwamba itaota, na uhakika haupandikizwi kirahisi kama sifa ya mbegu. Ilibidi mtu aje na jicho.

Vibarua wa kupunguzia, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakizidi kupungua bondeni Salinas, hawajaondoka wote. Siku chache baada ya mashine kupita, miche iliyopuliziwa inakuwa nyuzi za kahawia zilizolala juu ya tuta, na ile iliyobaki imesimama kwa nafasi, kila mmoja na kivuli chake. Ndipo kikosi kidogo kinapopita na majembe marefu. Kinakata magugu yaliyojificha ndani ya uzio, na kinatafuta mapacha, wale waliolaliana kiasi kwamba kamera iliwahesabu kuwa mmoja, na dawa ikawapita pembeni wote wawili. Bapa la jembe ni pana mno kuwagawa. Mfanyakazi anasimama, anaegemeza mpini begani, anainama mara moja tu kwenye sehemu hiyo, anabana udongo kwa vidole viwili pande zote za mche alioupenda, na kuuvuta ule mwingine polepole, kwenda juu.